Sola ya 1.5 kVA kwa nyumba ya Tanga: inabeba nini, inakwama wapi

Tanga huchagui kampuni ya kukuuzia umeme. Laini ni ya TANESCO, na anayetaka umeme wa kwake anapandisha paneli juu ya bati. Seti tuliyoipima ni inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani) ya 1.5 kVA ya volti 24, betri ya lithiamu (LiFePO4) ya 100 Ah na paneli mbili za wati 300.

Hesabu kwanza. Friji ndogo hula karibu uniti moja (wati 1,000 kwa saa moja) kwa siku. Feni ya wati 55 kwa saa nane ni 0.44, taa sita za wati 9 kwa saa tano ni 0.27, televisheni ya wati 60 kwa saa tano ni 0.3. Jumla uniti 2 kwa siku, 60 kwa mwezi. Mteja wa D1, kundi la nyumba zinazotumia umeme kidogo, hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, yaani 6,000 kwa mwezi. Wa T1, kundi la matumizi ya kawaida, kwa 292, hulipa 17,520. Kwa bei hizo usinunue sola ukitegemea LUKU ikurudishie mamilioni yako. Na anayehama kwa kujali mazingira akumbuke kwamba mto Pangani unazungusha mitambo ya Hale (megawati 21) na New Pangani Falls (megawati 68) humu humu mkoani. Sababu ya kweli ni umeme usiokatika samaki wakiwa ndani ya friji, au nyumba iliyo mbali na nguzo. Kwa kazi hiyo seti hii tunaipenda.

Upungufu wake ni paneli. Inveta yenyewe, hata bila mzigo, hula wati 20 hadi 30 mchana na usiku, nusu uniti au zaidi kwa siku, na muuzaji hakuambii. Mahitaji yanakuwa uniti 2.5 au zaidi, wakati wati 600 kwa saa tano za jua kali, ukitoa robo inayopotea kwa joto na waya, zinaleta 2.25. Masika inashuka zaidi. Nunua paneli ya tatu, lakini soma kwanza kibandiko cha inveta: paneli tatu za aina hii zikiungwa mfululizo, volti zake hujumlishana na kufika 120, na inveta inayokubali mwisho 100 inaweza kuungua. Fundi akikwambia aziunge sambamba, kataa. Hapo volti hubaki za paneli moja; bati likipata joto kali, hushuka karibu na 28, na betri inayohitaji 28.4 haijai.

Betri ni nzuri. Ina takriban uniti 2.5, na ukitumia asilimia 80 tu inadumu. Inachoharibikiwa nacho ni mipangilio: inveta nyingi zimepangiwa betri za maji, ambazo huchajiwa mara kwa mara kwa volti za juu kusawazisha seli. Zima usawazishaji huo na uweke mwisho wa chaji volti 28.4, la sivyo betri hujikata yenyewe na nyumba inazima ghafla.

Friji ikiwaka na inveta ikalia “betri imeisha” wakati imejaa, angalia waya kati ya betri na inveta. Mafundi huweka wa milimita mraba 6, mwembamba unaoshusha volti. Weka 25, usiozidi mita moja na nusu, na fyuzi ya ampea 80 karibu kabisa na betri.

Raskazone na Mwambani chumvi ya bahari haina huruma. Reli ziwe za alumini, bolti za chuma kisichoshika kutu. Bolti ya kawaida huliwa haraka na kutu. Acha sentimita 10 hadi 15 kati ya paneli na bati ili upepo upite. Elekeza kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10, mvua ioshe vumbi. Kivuli cha mnazi kikiangukia kona tu ya paneli kinaweza kuondoa theluthi ya nguvu yake, kwa hiyo kata kuti au hamisha paneli.

Pasi, birika na jiko la umeme vibaki TANESCO. Na kati ya laini mbili, ya TANESCO na ya inveta, lazima kuwe na swichi ya kubadilishia inayokata waya wa moto na wa nyutro pamoja. Bila hiyo, umeme wa inveta unaweza kurudi kwenye nguzo, na fundi wa laini aliye juu anadhani umekatika.