Kozi ya mameneja wa timu za programu: lipia kwa ajili ya wiki ya nne

Mimi ni mhasibu. Miaka mitatu iliyopita nilikabidhiwa timu ya watu saba wanaotengeneza programu ya ankara na malipo, kwa sababu moja tu: ankara nilizijua. Msimbo, yaani yale maandishi ya kompyuta yanayounda programu, sikuujua hata herufi moja. Ndiyo maana nilipokutana na kozi ya mtandaoni ya wiki nane inayoahidi kumwezesha meneja asiye mtaalamu awaongoze wataalamu, nilijiandikisha jioni ile ile. Jina lake silitaji, kwa kuwa mengine nitakayoyasema hayatawafurahisha wenyewe, na kozi za namna hii siku hizi ni nyingi na zinafanana kama mapacha.

Kilichonisukuma ni aibu. Fundi wetu mkuu alinijia siku moja akaniambia, "Bosi, naomba wiki mbili nisafishe sehemu ya malipo." Nikamuuliza mteja atapata nini kipya. Akasema hakuna. Nikamjibu basi isubiri. Akashusha pumzi, akarudi mezani kwake.

Miezi miwili baadaye, siku ya kufunga hesabu za mwezi, wateja kadhaa walikatwa pesa mara mbili. Ombi la malipo lilikuwa limekwenda benki, jibu likachelewa, programu yetu ikadhani ombi limepotea, ikalituma tena. Zile wiki mbili alizoomba zilikuwa za kuweka namba ya kipekee kwenye kila ombi, ili likitumwa mara ya pili benki itambue kuwa ni lile lile na isikate tena. Mhasibu gani asiyejua umuhimu wa namba ya risiti? Pengine hata alinieleza. Mimi nilisikia neno "kusafisha" tu, nikafikiria fagio.

Basi, kozi yenyewe.

Wiki tatu za mwanzo ni msamiati: seva ni nini, hifadhidata ni nini, deni la kiufundi ni nini. Mwalimu ana sauti nzuri na michoro inapendeza, lakini mambo hayo unayapata bure kwa kumkalisha chini mmoja wa watu wako saa moja, na yeye atatumia mifano ya mfumo wenu wenyewe. Ziruke.

Ila kwenye wiki ya pili kuna somo lililoniudhi hadi nikasimamisha video. Mwalimu anasimulia utafiti wa Google uitwao Project Oxygen, ulioanza mwaka 2008, uliochunguza mameneja wazuri wa kampuni hiyo wanafanya nini. Ikatoka orodha ya tabia 8, na ujuzi wa kiufundi ukawa wa mwisho. Mwalimu akatabasamu: mnaona, hauhitajiki sana! Hapo alitupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kwanza, wa nane kati ya nane bado umo kwenye orodha. Pili, mameneja wa mafundi waliolinganishwa walikuwa watu wa Google, mahali ambapo karibu kila aliyepewa timu ya mafundi alikuwa fundi tangu mwanzo. Ukiwapima watu ambao wote wanajua kuogelea, kuogelea hakutakuonyesha nani nahodha bora. Haina maana kwamba asiyejua kuogelea apewe chombo. Cha kushangaza, kisa cha Google ambacho kingemsaidia kweli amekiacha: mwaka 2002 kampuni ilijaribu kuwaondoa mameneja wa wahandisi kabisa, na jaribio halikudumu zaidi ya miezi michache. Mafundi peke yao nao walikwama.

Sasa wiki ya nne. Hii ndiyo kozi.

Unapewa mfumo mdogo unaofanya kazi kweli, na jukumu moja la kuchekesha: badilisha neno kwenye kitufe, kutoka "Tuma" liwe "Wasilisha". Nilijitengea dakika kumi. Kwanza ilibidi niuweke mfumo kwenye kompyuta yangu, nikakaa saa mbili mbele ya lile dirisha jeusi la amri likinitupia mistari myekundu, kumbe toleo la lugha ya kuandikia programu lililokuwa kwenye mashine yangu lilikuwa la zamani. Nikalipata neno, nikalibadilisha, nikayahifadhi mabadiliko yangu kwa Git, chombo kinachotunza kila badiliko la msimbo, nikayatuma yakahakikiwe. Majaribio ya kiotomatiki yakafeli. Kulikuwa na jaribio lililotafuta kitufe kwa jina lake, na jina nilikuwa nimelibadilisha mimi. Nikalirekebisha. Likafeli jingine: barua pepe ya maelekezo kwa mteja ilikuwa bado inamwambia abonyeze "Tuma". Halafu nikangoja mhakiki wa kozi apitie kazi yangu, na hapo siku nzima ikakatika. Akanirudishia na swali: tafsiri za lugha nyingine mbili umezigusa? Sikuwa hata na habari kwamba zipo.

Siku tatu. Neno moja.

Hakuna mhadhara ungeweza kunifundisha hilo. Tangu hapo, mtu akiniambia jambo dogo litachukua siku tatu, simuulizi tena "kwa nini muda wote huo". Namuuliza: "Ukigusa hapo, nini kingine kinatikisika?" Mwenye hoja hulijibu swali hili haraka na kwa kina, huku anachora. Anayetia chumvi huanza kuzunguka. Kwangu mimi, kiasi cha ujuzi anachohitaji meneja ndicho hicho: kutambua kama ulichopewa ni jibu au ni maneno, na kuwa na swali la pili mfukoni.

Wiki ya tano nayo inastahili sifa. Wanachambua mkasa wa Knight Capital, kampuni ya Marekani ya biashara ya hisa, uliotokea tarehe 1 Agosti 2012. Msimbo mpya ulitakiwa kuwekwa kwenye seva 8, yaani kompyuta zinazoendesha mfumo. Fundi akaweka kwenye 7, moja ikasahaulika. Ile moja ilibaki na msimbo wa kale uliokuwa hautumiki kwa miaka, na swichi ya kuuamsha ilikuwa imepewa kazi mpya kwenye msimbo mpya, hivyo ilipowashwa, hapo ikauamsha ule wa kale. Soko lilipofunguliwa, seva ile ikaanza kumwaga maagizo ya hisa. Katika dakika 45 hivi kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 440. Katika kuhangaika kuzima moto, wakauondoa msimbo mpya kwenye zile seva 7 zilizokuwa nzima, nazo zikabaki na ule wa kale, hali ikawa mbaya zaidi. Lililonikaa kichwani ni kwamba kabla ya soko kufunguliwa, mfumo ulikuwa umetuma barua pepe 97 zenye kutaja hitilafu, na hakuna aliyezichukulia kama tahadhari. Wala hapakuwa na utaratibu wa maandishi wa kumtaka mtu wa pili akague kazi ya yule fundi. Mtu wa pili wa kukagua! Sisi wahasibu hatutoi hata hundi bila saini ya pili. Hapo ndipo niligundua kuwa nusu ya ninachokihitaji nilikuwa nacho tayari, ila sikujua mahali pa kukipeleka.

Wiki ya sita hadi ya nane ni maji matupu. Rangi za haiba, namna ya kutoa mrejesho, cheti chenye pambizo la dhahabu.

Upungufu mkubwa, hata hivyo, ni kwamba kozi inakupa kiberiti bila kukuonya kuhusu moto. Nilipotoka wiki ya nne nilijiona fundi. Nikaanza kuingia kwenye mahakiki ya msimbo na kuacha maoni kuhusu majina ya vigeugeu, yaani majina wanayoyapa data ndani ya msimbo. Siku ya tatu binti mmoja kwenye timu akaniambia kwa upole wote, "Dada, ukitaka kuhakiki tutakupangia zamu kama sisi. La hutaki, basi tuachie." Nilinyamaza, kwa kuwa alisema kweli. Somo hilo lingepaswa kuwemo. Binti huyo huyo ndiye aliyenisimulia kuhusu meneja wao kabla yangu, mwanaprogramu hodari kupindukia, aliyekuwa akiandika upya usiku kazi walizomaliza mchana. Hakuna mabadiliko yaliyotoka bila yeye, na alipokwenda likizo timu nzima ilikaa ikimsubiri. Kwenye kozi yote sikusikia hata sentensi moja kuhusu meneja wa namna hiyo, ilhali watengenezaji wake wanadai wanafundisha uongozi.

Huduma kwa wanafunzi ni ya wastani. Maswali hujibiwa ndani ya siku mbili, na mara moja nilijibiwa kwa aya iliyonakiliwa kutoka kwenye somo lile lile nililokuwa nikiliulizia.

Je, uchukue? Kama unaongoza mafundi na hujawahi kupeleka hata badiliko moja kwenye mfumo hai, chukua, fungua wiki ya nne kwanza, kisha ya tano. Kama ulikuwa fundi kabla ya kuwa meneja, hapa utauziwa mbuzi kwenye gunia; hutapata jipya.

Fundi mkuu alipewa wiki zake mbili. Akatumia tatu, na safari hii nilielewa ya tatu ilikwenda wapi. Akaunti yangu ya kozi bado iko hai, na juzi nilirudia zoezi la kitufe kwa kujipima. Saa nne na nusu badala ya siku tatu, na zile tafsiri mbili nimezisahau tena.