Dar au Mtwara: wanawake wa teknolojia wakutane wapi?

Kila mwaka mabishano ni yale yale: tuchange tuwapeleke dada zetu kwenye kongamano la teknolojia Dar es Salaam, au tufanye letu dogo hapa hapa Mtwara?

Gharama kwanza. Dar ni mbali, zaidi ya kilomita 550. Nauli ya basi inachangika, kinachokwamisha ni malazi, na swali la mama: "Utalala wapi, na nani?" Nimemwona binti usiku wa kuamkia safari akitoa nguo begini moja moja na kuzirudisha kabatini, kwa sababu swali hilo halikupata jibu. Basi mkituma Dar, tumeni wawili, chumba kilipiwe mapema. Mtwara swali hilo halipo. Anayenyonyesha anakuja na mtoto, mradi mmetenga chumba na mtu wa kumshika.

Kwa uhakika wa safari na wa intaneti, sioni mshindi. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Lindi kwenda Dar; mwezi huo huo nyaya za baharini zikakatika na intaneti ikazorota nchini.

Dar inashinda kwa watu: waajiri, wafadhili, mwanamke aliyekwisha kuunda programu yake na yuko tayari kuulizwa. Mtwara inashinda baadaye, maana waliokutana Jumamosi wanakutana tena Jumamosi ijayo kwa nauli ya bodaboda.

Anayeanza, au mwenye mtoto mchanga, aanzie hapa. Mwenye kazi ya kuonyesha tumchangie aende, hasa msimu wa korosho, fedha zikiwa mkononi.