Tiketi ya ndege Dar–Mwanza: uliza kwanza inatua wapi

Mwezi uliopita nilikosa kikao cha mahari ya binti wa dada yangu. Nimefika Mwanza, wazee wameshakula ubwabwa na kuondoka.

Ndege yenyewe haikuchelewa. Ilitoka Dar kwa wakati, baadaye ikaanza kushuka, nikajua ziwa hilo. Kuchungulia dirishani: KIA, uwanja wa Kilimanjaro! Tunaoendelea tukaambiwa tubaki vitini. Mlango wazi, joto, mabegi ya wengine yanapakiwa, mimi najipepea na kile kikaratasi cha maelekezo ya usalama. Nilipompigia wakala wangu wa Kariakoo akanijibu, "Dada, si nilikwambia ni moja kwa moja? Kwani umebadilisha ndege?"

Kumbe kwao "moja kwa moja" maana yake ni hubadilishi ndege tu, hata ikitua njiani.

Na kilomita zisikudanganye. Dar hadi Mwanza kwa anga ni kama 850. Ukipitia Kilimanjaro zinafika kama 920. Nyongeza ya kilomita 70 tu, jeti inazimaliza kwa dakika chache. Kinachokula muda ni kushuka, kuegesha, kushusha watu, kupakia wengine, kusubiri ruhusa na kuruka tena. Hapo saa nzima imekwenda. Kwa hiyo angalia saa ya kuondoka na ya kufika kwenye tiketi, toa. Ikizidi saa mbili na nusu, ujue kuna mahali mnatua.

Mimi sifichi, napenda Airbus A220 ya Air Tanzania isiyotua njiani. Saa moja na nusu hivi uko Mwanza. Viti ni viwili upande mmoja na vitatu upande wa pili, kwa hiyo ukiwahi upande wa viwili hubanwi katikati na mtu.

Ya pili ni pangaboi, yaani ndege ya propela, isiyotua njiani, iwe Q400 ya Air Tanzania au ATR ya Precision Air. Q400 ina mbio zaidi. ATR inakwenda kama kilomita 500 kwa saa, basi jipe karibu saa mbili. Watu wanazidharau kwa kelele. Heri kelele za pangaboi kuliko jeti inayopiga hodi kila mkoa.

Ya mwisho ni hizo za kutua. Na basi la barabarani je? Zaidi ya kilomita 1,100 kupitia Dodoma, Singida na Shinyanga. Kama una mgongo wa akiba, nenda.

Kinachoniuma zaidi ni bei. Nililipa sawa na aliyeruka bila kutua, kwa sababu wakala alisema zimebaki nafasi mbili. Kwa mawakala hawa siku zote zimebaki mbili, na ikifika Desemba inabaki moja.

Kurudi nilikuwa na boksi la sato wa barafu. Nikamuuliza dada wa kaunta, "Hii inatua wapi kabla ya Dar?" Akanitazama kama nimemuuliza umri wake.