Kuwamba au kutowamba: ringi, fremu na mfarishi wangu wa leso

Ringi niliyonunua, ya kushikia kitambaa wakati wa kushona, ni ya mbao, upana wake inchi 14: duara mbili zinazoingiana, ile ya nje ina skrubu ya kukazia. Nilitoa dola 26 katika duka la vitambaa hapa Columbus, Ohio. Nimekaa nayo miezi mitano. Nimeichukia, nikaipenda, nikaitupa kabatini, kisha nikaifuata huko huko kabatini.

Nijieleze kidogo. Mimi ni mzaliwa wa Lamu na nimeshona kofia za viua tangu ujana wangu, tumekaa barazani wanaume watupu, kila mtu na kofia yake mkononi. Kwa hiyo sindano si mgeni kwangu, wala sioni haya kushika uzi mbele za watu. Hapa ninalinda ghala usiku. Kazi yenyewe ni kuzunguka, kukaa, kuzunguka tena, na katika kule kukaa mikono inawasha. Basi kijana wangu aliyeko chuoni aliposema chumba chake kina baridi, nikaona nimpe mfarishi badala ya nasaha. Juu leso jozi nzima, vipande viwili vimeunganishwa ubavu kwa ubavu, katikati pamba, chini bafta. Halafu tabaka zote tatu zishikwe kwa mshono wa mkono, mistari kwa mistari.

Ringi sikuitaka hata kidogo. Kofia haishonwi kwenye ringi. Kitambaa kinakaa mkononi, na mkono wa kushoto ndio unaovuta na kulegeza kadiri sindano inavyotaka. Nikasema mfarishi ni kofia kubwa tu. Nikapanga tabaka zangu juu ya zulia, nikachomeka pini chache za kufunga hapa na pale, nikaanza kushona pembeni kwa sababu pembeni ndiko kulikokuwa karibu. Pamba niliyoipata ilikuwa ya poliesta, nene, ya kuteleza kama samaki. Usiku wa nne nikaugeuza mfarishi nitazame nyuma. Bafta imekunjamana makunyanzi matupu, mengine nimeyashonea ndani kabisa. Kufumua kulinichukua zamu mbili.

Kwenye maktaba ya mtaani kwetu kuna kikundi cha akina mama wa makamo wanaoshona mifarishi siku za Jumamosi. Nikaenda na aibu yangu mfukoni. Bibi mmoja akautazama mfarishi, akanitazama mimi, akaniambia nikanunue ringi. Nikanunua. Mke wangu alipoiona mezani akauliza, "Baba watoto, hilo ni chekeche ama ni tari?"

Na kosa langu lilikuwa hilo hasa: niliifanya tari. Sisi tuliokulia kwenye maulidi tunajua ngozi inavyowambwa, tena inaoteshwa moto mpaka ukiigusa kwa kucha inalia. Nami nikauwamba mfarishi vivyo hivyo, nikakaza skrubu hadi vidole vikauma. Sindano ikagoma. Ikiingia haitoki, ikitoka imeinua uzi mmoja tu wa bafta au haikufika chini kabisa. Mshono ukawa mrefu kama wa gunia. Kwa mkono mtupu nilikuwa nikipata mishono minane kwa inchi; ndani ya ringi nikapata mitano. Wiki nzima nilisema nimeibiwa dola 26.

Bibi yule yule ndiye aliyenifungua macho. Aliweka ringi yangu mezani, akalegeza skrubu, akabonyeza kitambaa katikati kwa kiganja mpaka kikabonyea kama sahani ya pilau. "Sasa shona," akasema. Ulegevu ule ndio siri ya mshono wenyewe. Sindano unaisimamisha wima, kidole cha kati chenye subana kinaisukuma, kidole cha mkono wa chini kinaihisi ncha tu na kuirudisha juu, gumba linakandamiza kitambaa mbele yake. Unailaza, unaisimamisha, unailaza. Mishono mitatu minne inapangana kwenye sindano ndipo unavuta uzi. Kitambaa kilichowambwa hakikubali kupanda na kushuka namna hiyo. Kikilegea, sindano inacheza yenyewe. Ndani ya siku kumi nilirudi kwenye minane, na mistari iliyonyooka nikafika tisa.

Mambo mengine ya ringi nitayapitia haraka. Ile duara ya ndani izungushie ukanda wa bafta, la sivyo kitambaa kinateleza na mbao mpya inaweza kukiachia rangi. Usiilaze kwenye mfarishi usiku kucha, huacha alama ya mviringo isiyotaka kutoka. Anza katikati, uende nje. Ukifika ukingoni haina cha kushika, inabidi ushonee kipande cha kitambaa kibovu kama mkia ili ipate pa kuuma. Mimi ukingoni naitoa kabisa. Na kidole cha chini kitachomwa tu, hakuna namna. Damu ikidondoka kwenye leso, bibi alisema ilambe kwa mate yako mwenyewe kisha uisuuze kwa maji baridi. Nilicheka, halafu nikajaribu, ikatoka.

Fremu kubwa nayo nimeigusa. Kutoka Columbus mpaka Holmes County ni mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari, na kule Waamish, jamii ya Wakristo wanaoishi maisha ya kikale, wengi bado hushona mifarishi kwenye fremu ya mbao inayoutandaza mfarishi mzima, wanawake wamekaa pande zote. Nilisimama katika duka moja nikiwatazama mpaka mke wangu akaona tabu kwa niaba yao. Uzuri wa fremu ni kwamba tabaka zinafungwa kwenye mbao zenyewe, kwa hiyo ile kazi ya kupiga bandi mfarishi mzima, yaani kuzishikiza tabaka kwa mishono mirefu ya muda, unaikwepa. Ubaya nilikuja kuuona kikundi chetu kilipoazima fremu, nami nikapewa kiti. Kazi haigeuki. Kwenye ringi au mapajani, mstari ukipinda unageuza kitambaa, mkono unaendelea kushona upande wake uliouzoea. Kwenye fremu wewe ndiye wa kupinda: ushone kuja kwako, ushone kwenda mbali, usukume sindano kwa gumba. Wale akina mama wanaweza. Mimi mishono yangu ya kwenda mbali ilikuwa fedheha, na walipodhani sioni, mmoja aliifumua. Zaidi ya hayo, mfarishi wa kitanda kikubwa kwenye fremu unakula sebule nzima. Sisi tunaishi nyumba ya vyumba viwili.

Kilichonirudisha kwenye mkono mtupu ni picha. Mama mmoja kwenye kikundi alinionyesha mifarishi inayoitwa kawandi, ya Wasiddi wa Karnataka, India. Hawa ni watu wenye asili ya Afrika. Baadhi ya mababu zao walivushwa bahari kutoka pwani yetu hii ya mashariki enzi za utumwa. Wanawake wao huchukua sari kuukuu iwe ya chini, wanaanza pembeni, wanabandika viraka na kuvishona papo hapo wakizunguka kuelekea katikati, bila ringi wala fremu, na kwenye kona wanaweka vijipembe vya kitambaa vilivyokunjwa wanavyoviita maua. Niliitazama picha ile muda mrefu kuliko nilivyotaraji. Wanaanza pembeni, kama mimi usiku ule wa kwanza! Ila wao wanaweka kiraka na kukishona hapo hapo, hakuna tabaka kubwa lililokaa peke yake likisubiri kukunjamana. Mimi nilikuwa na leso nzima imeelea juu ya poliesta, na pini kumi na tano.

Basi mfarishi wa pili, wa binti yangu, nimeupanga upya. Pamba halisi, nyembamba, inayong'ang'ania kitambaa. Leso nimeifua kwanza mpaka maji yakatoka meupe. (Kitenge cha wax nilikijaribu kwenye kipande, kile kigumu kinaihangaisha sindano, afadhali leso.) Kisha nikapiga bandi kwelikweli, mistari ya uzi mweupe kwenda na kurudi, nafasi ya kiganja kimoja kati ya mstari na mstari, jioni mbili za kutambaa sakafuni na goti lililonidai baadaye. Halafu nikashona mkononi, bila ringi. Nyuma imelala tambarare. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ringi haikuwahi kushika tabaka zangu. Kinachoshika ni bandi. Ringi inaipa mikono pa kukaa tu. Aliyepiga bandi ovyo, hata akinunua ringi tatu atafumua.

Kuna jambo moja ambalo mkono umeishinda ringi wazi, nalo ni leso yenyewe. Sikuchora mistari yoyote, nilifuata pindo, nikafuata korosho za mji, yaani sehemu ya katikati, na sasa nazunguka jina herufi moja moja: WEMA HAUOZI. Herufi ndogo zinataka kitambaa kigeuke kila mshono wa pili, na kugeuza ringi ya inchi 14 mara zote hizo ni kama kugeuza jahazi mtoni. Lakini mistari mirefu ya katikati, usiku kiganja cha kushoto kinapochoka kushika, narudi kwenye ringi bila kinyongo. Naiegemeza kwenye ukingo wa meza, mkono wa chini unapumzika. Mwenye vidole vinavyouma baridi, au anayeshona pamba nene, mimi namshauri aanze na ringi. Aliyewahi kushona kofia aanze na mkono.

Ningenunua tena? Ndiyo, hiyo hiyo ya inchi 14. Ya 18 niliazima, inagonga kifua na mkono wa chini haufiki katikati. Ila ningenunua pia, siku hiyo hiyo, sindano fupi za kazi hii, nambari 9 kwanza na 10 baadaye. Jua tu kwamba nambari ikipanda sindano inapungua. Nilipoteza mwezi mzima na sindano ndefu ya kawaida, nikiilaumu mbao. Subana nayo iwe ya chuma yenye vishimo, ikubane kidole bila kukinyonga. Uzi usizidi sentimita 45, upake nta ya nyuki, na fundo livute lipenye leso lijifiche ndani ya pamba.

Mfarishi wa kwanza, wenye makunyanzi yaliyobaki, kijana wangu anaulalia huko chuoni. Wa binti umefika kwenye herufi ya pili ya HAUOZI, na zamu yangu ni kesho saa nne usiku.