TAHADHARI: Mbao "za dawa" zilizooza ndani, Moshi mjini

Wakuu wa Moshi na Arusha mnaotaka kupaua kabla ya masika, shikeni hela zenu kwanza. Kuna muuza mbao tapeli aliyewahi kuhama eneo, sasa amerudi. Safari hii anauza paini iliyooza katikati, nje kaipaka rangi ya kijani ionekane imetiwa dawa ya kuzuia kuoza. Mama mmoja wa Kiboriloni kauziwa 2x4 za futi 12, vipande 80. Kenchi tatu (zile fremu za mbao zinazobeba paa) zilishapanda juu ndipo fundi akashtuka: msumari wa inchi 4 unazama kwa nyundo mbili kama unapigwa kwenye andazi.

Na asije mtu hapa kusema mama hakuwa makini. Alikwenda na fundi. Waliomba kukatiwa ubao waone ndani, na jamaa hakusita, akachukua msumeno mwenyewe. Akakata kichwani, sentimita 5 tu kutoka mwisho, akawageuzia: kijani tupu mpaka katikati! Akachoma bisibisi ubavuni, ikagoma. Akagonga kwa nyundo, ikalia vizuri. Risiti akaandika. Bei ilikuwa ileile ya soko, haikuwa ya kutupa, kwa hiyo hapakuwa na cha kumtilia mtu shaka. Nani asingelipa?

Ujanja wenyewe uko kwenye kile kichwa. Mirija ya mbao imelala kwa urefu, kwa hiyo rangi ukiichovya kichwani inanyonywa haraka, ila ubavuni inaishia milimita moja au mbili. Mbao iliyotiwa dawa kwa mtungi wa shinikizo ukiikata katikati ya urefu, sehemu laini ya nje ya mti inakuwa imeshika kijani kwa kina, na kiini tu ndicho kinaweza kubaki cheupe. Za huyu bwana ukizikata katikati unakuta ukanda mwembamba wa rangi, kisha kahawia iliyofifia. Ile kahawia ndiyo mbao iliyoliwa na kuvu. Na ubao alioupiga nyundo ulikuwa wa safu ya juu, aliouchagua yeye.

Mbao hizo zililala chini, zimepangwa bila vijiti vya kupitisha hewa, zikanyeshewa. Unyevu ukizidi asilimia 20 kwa muda mrefu, kuvu wanaweza kuanza kula selulosi, yaani ile inayoipa mbao nguvu ya kuvutwa na kupinda. Kibaya ni kwamba nguvu inaondoka mapema kuliko sura. Ubao unaweza kuwa umepoteza sehemu ndogo tu ya uzito wake na bado unaonekana mzima, kumbe uwezo wa kubeba umeshuka vibaya. Ukiona nyufa zinazokatana hadi mbao inamegeka vipande vya mraba, hapo umeshachelewa. Kuna aliyeandika kwamba ni yule kuvu wa nyumba za Uingereza, Serpula lacrymans. Yule anapenda baridi. Huku wapo wengine wengi wanaofanya kazi hiyohiyo.

Jamaa akiulizwa mbona nzito, anajibu "mbichi hizo mama, zitakaukia juu". Mwongo mkubwa! Mbao iliyooza inabeba maji mengi, na maji ndiyo yanaficha uzito uliopotea. Ikikauka juu ya paa uozo unasimama, lakini nguvu iliyoliwa hairudi. Na ikivunjika haitoi mlio wa kuonya, inakatika kifupi. Weka bati na fundi juu yake uone. Mtu wa hivi anatakiwa alale ndani, halafu apandishwe yeye kwenye hizo kenchi.

Haya, dalili kwa kifupi. Chagua ubao wewe, kutoka safu ya chini au ya kati. Kata katikati ya urefu. Pale palipokatwa, nusa: harufu ya uyoga, achana nazo. Kisha lile jaribio la kibanzi, ambalo kwangu linashinda yote: laza ncha ya bisibisi kufuata nyuzi, izamishe milimita 5, inyanyue. Mbao nzima inatoa kibanzi kirefu chenye nyuzi na inalia inapochanika. Iliyooza inakatika hapohapo, kipande kifupi, kimya. Rudia sehemu tatu za ubao huohuo, maana uozo hukaa madoamadoa. Kipima unyevu cha sindano mbili choma penye mkato mpya. Ubavuni kinasoma ngozi tu, na chumvi za dawa huweza kupandisha namba. Mbao zilizopakwa oili chafu, au zilizopigwa randa mpya upande mmoja tu, ni za kushuku pia. Vumbi la mbao za dawa halisi msilitie jikoni, nyingi zina aseniki.

Kwa mama na wengine mlioumizwa: Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka mzigo ulingane na sampuli iliyoonyeshwa, na kasoro iliyofichwa isiyoweza kuonekana kwa ukaguzi wa kawaida haimwondolei muuzaji lawama. Kwa hiyo asiwaambie "ulikagua mwenyewe". Tume ya Ushindani inapokea malalamiko, na polisi kupaka rangi ili kudanganya ni kesi yao. Akamatwe mzigo ukiwa bado upo, kabla hajahamisha tena.

Msishushe kenchi zote kabla ya kupiga picha. Kata vipande vya katikati, andika tarehe na namba ya risiti, viweke kwenye karatasi ya kaki. Msiweke kwenye plastiki: humo vitaota ukungu mpya, na jamaa atasema uliota kwako.