Vidonge vya azithromaisini: niliyoyaona mimi mwenye uchovu sugu

Niliandikiwa azithromaisini, dawa ya kupambana na bakteria, kwa ajili ya kifua, si kwa uchovu. Miligramu 500, kidonge kimoja kwa siku, siku tatu basi. Kidonge chenyewe kikubwa, kinataka maji ya kutosha, na siku ya pili tumbo lilinisokota nikaharisha. Kikohozi kilikatika. Kwa kazi hiyo naipa nyota tano.

Kilichonifanya niandike ni asubuhi ya siku ya tano. Huu ni mwaka wa sita nina uchovu sugu, ugonjwa wa kuchoka usioisha hata ukipumzika. Nywele huzichana nimeketi, na katikati hushusha mikono niipumzishe. Asubuhi ile nilichana upande huu na upande ule, nikasuka mabutu mawili, ndipo nikagundua kwamba muda wote nimesimama. Nililia. Nafuu hiyo ilidumu siku tisa, kisha mwili ukarudia uzito wake kama gunia lililolowa.

Nikarudi kwa daktari kuomba dozi nyingine, nikiamini kuna bakteria wamejificha mwilini. Akanifahamisha kwamba dawa za jamii hii haziui bakteria tu. Hutuliza pia kinga ya mwili iliyochachamaa. Ndivyo erithromaisini, ndugu yake, ilivyowasaidia wagonjwa wa mapafu huko Japani kwa dozi ndogo ya muda mrefu. Kwa hiyo kupata nafuu hakuthibitishi kwamba nilikuwa na maambukizi ya siri. Maneno hayo yaliniingia.

Nikasoma zaidi. Mwaka 2006 watafiti wa Uholanzi walichapisha taarifa za wagonjwa 99 wa uchovu sugu waliotumia azithromaisini: 58 walisema dalili zimepungua. Inatia moyo, lakini hapakuwa na kundi lililopewa kidonge kitupu kisicho na dawa, la kulinganishia, na ugonjwa huu hupanda na kushuka wenyewe, sisi wenyewe tunaujua. Tena huko huko Uholanzi, doksisaiklini, dawa nyingine ya bakteria, ilipojaribiwa kwa waliobaki na uchovu baada ya homa ya Q, maambukizi ya bakteria yatokayo kwa mifugo, haikukishinda kidonge kitupu.

Daktari hakunipa dozi ya pili. Dawa hii inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na kuitumia ovyo huwafanya bakteria kuwa sugu. Iliniuma, lakini nimekubali. Kwa uchovu siipi nyota hata moja kwa sasa, na nawasihi wenzangu msijinunulie. Ila siku tisa zile sizisahau. Likitangazwa jaribio lenye kundi la kulinganisha, hata kama nitabebwa hadi mlangoni, jina langu litakuwemo.