Made Out of Sound: gitaa la nyuzi nne na dramu, basi

Mimi napiga rizimu, gitaa la kushika mdundo, kwenye bendi ya dansi. Kazi ya rizimu ni kurudia. Ukiyumba wewe, ukumbi mzima unayumba. Sasa nimekutana na Made Out of Sound, albamu ya Wamarekani wawili, Bill Orcutt wa gitaa na Chris Corsano wa dramu, isiyorudia kitu, isiyo na besi wala mwimbaji, na hakuna chemko (ile sehemu wimbo unapokolea watu wacheze) la kusubiri kwa sababu wanachemka tangu sekunde za mwanzo. Nimeipenda mno.

Ilitoka 2021 kwa lebo ya Orcutt mwenyewe, Palilalia. Gitaa lake la umeme lina nyuzi nne tu badala ya sita, ule wa 4 na wa 5 kaing'oa. Mpiga gitaa ataelewa maana yake: kati ya uzi mnene kabisa na wa 3 panabaki shimo, vidole vinaruka, noti zinatoka kwa kushtuka, kali, kisha zinamwagika zote pamoja. Corsano naye hashiki mdundo mmoja hata kidogo. Anazungusha dramu zote na matoazi mfululizo, lakini kila pigo unalisikia limelengwa.

Na hawakukaa chumba kimoja! Corsano alirekodi dramu Ithaca, jimbo la New York. Orcutt akaja kuweka gitaa juu yake akiwa San Francisco, huku akitazama mchoro wa sauti kwenye kompyuta aone dramu zinapanda wapi na kushuka wapi. Aliweka gitaa mara mbili, moja sikio la kushoto, jingine la kulia. Sisi wa dansi tumezoea magitaa kupishana, ila kwetu kila mmoja anajua zamu yake. Hapa zamu haikupangwa, na bado yanajibizana. Hilo ndilo linalonirudisha kila siku.

Sikilizeni kwa hedifoni. Kwenye spika ya simu magitaa yanagandana, utamu wote unapotea.

Wanayo pia Brace Up! ya 2018, waliyoipiga pamoja Brussels. Ile ni moto mtupu, haikupi nafasi ya kuvuta pumzi, na mimi huiweka nikiwa na nguvu zangu. Mgeni wa muziki huu aanzie hii ya 2021, tena wimbo wa kwanza, Some Tennessee Jar: ndani ya zile kelele kuna melodi kabisa, unaweza kuifuata kwa mluzi. Santuri kuisafirisha ni ghali. Nunueni faili Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni.